Mungu wa Vita Kwenye Kibanda cha Plei: Kwa Nini Vijana Wetu Wanakasirika Hivyo?



Mama mmoja wa kanisa letu hapa Lusenda alikuja nyumbani kwetu jioni moja, akitaka tumwombee kijana wake wa miaka 17. Kijana alikuwa kwenye kibanda cha michezo ya video, akakasirika, akaipiga ukutani maneti, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili. Kikapasuka. Mwenye kibanda alitaka alipwe. Lakini si deni lililomleta mama kwetu. Mama Pasta alimwuliza, "Alikuwa anapigana na nani?" Mama akajibu kwa sauti ya chini, "Na mungu wa vita, Pasta. Wenzake wenyewe ndio wameniambia. Siku nne anapigana na mungu wa vita, na huyo mungu anamshinda."

Tuliomba naye, kama ilivyo wajibu wetu. Kisha tukasema, kabla hatujakemea kitu tusichokijua, twende tukakione. Katika mwezi uliofuata tulikwenda mara tano, sisi na mzee mmoja wa kanisa anayehusika na vijana. Tunaandika haya kwa sababu wachungaji na wazazi wengi wametuuliza swali lile lile: ni kitu gani kiko ndani ya michezo hiyo kinachowafanya watoto wapige kelele, walie, wavunje vitu? Tutajaribu kueleza kama tulivyoelezwa na vijana wenyewe, maana wao ndio walimu katika jambo hili.

Kibanda ni cha miti na turubai. Kuna televisheni mbili, betri, paneli ya sola juu ya paa, na jenereta ndogo ya kusaidia siku za mawingu. Mashine ni PlayStation 2, ambayo vijana huiita "plei" tu. Ilitoka Japani mwaka 2000, na duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 150, ndiyo maana hata leo, wakati wenye fedha wamekwisha kuiacha, bado inapatikana kwetu kwa bei ya chini. Hapo hukaa pamoja watoto wa wenyeji, Wabembe na wengine, na watoto wa wakimbizi wa Burundi walioletwa kambini tangu mwaka 2015. Wengi hucheza mpira. Mpira nao una kelele zake, lakini ni kelele za kawaida, kama za uwanjani. Hasira yenyewe iko kwenye televisheni ya pili.

Mchezo ule unaitwa God of War, yaani Mungu wa Vita. Ulitengenezwa Marekani na studio ya Sony iitwayo Santa Monica Studio, ukatoka mwaka 2005. Basi "mungu" aliyemtisha mama yetu ni Ares wa Wagiriki wa kale. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaijua jamii yake. Pale Listra watu walimdhania Barnaba kuwa Zeu na Paulo kuwa Herme. Pale Efeso palikuwa na ghasia kwa ajili ya Artemi. Na kile kilima cha Athene ambapo Paulo alisimama kuhubiri, Areopago, jina lake ni kilima cha Ares huyu huyu. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulijifunza majina hayo kwa ajili ya mtihani, hatukufikiri kwamba siku moja tutayakuta Lusenda chini ya turubai.

Anayechezwa ni mtu aitwaye Kratos, kapteni wa jeshi la Sparta. Akiwa karibu kushindwa vitani, alimwita Ares amwokoe, akamwahidi maisha yake. Ares alimpa mapanga mawili yenye minyororo iliyounguzwa ndani ya nyama ya mikono yake, akamfanya mtumishi wa kuua. Siku moja Kratos alivamia kijiji, akaingia hekaluni akiwa amelewa damu, akaua kila aliyekuwamo. Alipotulia akaona kwamba kati ya waliolala chini yuko mke wake na binti yake mdogo. Ares ndiye aliyewaweka humo, ili mtu wake asibaki na kitu kingine cha kupenda. Majivu ya mke na mtoto yaling'ang'ania ngozi ya Kratos, ndiyo sababu kwenye kioo anaonekana mweupe kama mtu aliyepakwa chokaa. Tangu hapo anawatumikia miungu mingine miaka 10, akitumaini watamwondolea ndoto mbaya. Mwishoni Athena anamtuma amwue Ares.

Tutarudi kwenye hadithi hiyo. Kwanza tueleze neno "bosi", kwa kuwa vijana wanalitumia kila dakika na wazazi hawalielewi.

Katika michezo ya aina hii mchezaji hupita akipigana na maadui wadogo wengi, kisha mwishoni mwa sehemu anamkuta adui mmoja mkubwa anayefunga njia. Huyo ndiye bosi. Bosi hauawi kwa kubonyeza vitufe ovyo. Ana tabia zake: atapiga mara mbili, atavuta pumzi, atarusha moto, kisha ataacha nafasi ndogo ya kumpiga. Mchezaji hawezi kuijua tabia hiyo bila kufa kwanza. Anakufa mara ya kwanza hajaona kitu. Mara ya tano ameona mkono unaoinuka kabla ya pigo. Mara ya kumi ameanza kujikinga kabla mkono haujashuka. Kwa hiyo kufa mara nyingi ni kazi ya mchezo huo, waliouunda walikusudia hivyo, kama vile mwalimu wa shule asivyotarajia mtoto aandike herufi sawasawa siku ya kwanza. Kijana anayekasirika baada ya kufa mara sita yuko katikati ya somo. Hilo peke yake si pepo.

Bosi wa kwanza wa Mungu wa Vita ni joka la majini lenye vichwa vingi, juu ya meli katika dhoruba. Vichwa vya pembeni lazima viondolewe kabla ya kukifikia kile kikubwa. Yuko pia mwingine, nusu mtu nusu ng'ombe, amevaa chuma mwili mzima, ambaye huvuliwa chuma hicho kwa mapigo kabla ya kumalizwa. Na ipo sehemu isiyo na bosi hata mmoja ambayo vijana wanaichukia kuliko wote: Kratos ameanguka kuzimu, naye anapanda minara inayozunguka yenye visu. Kisu kimoja kikikugusa unaanguka hadi chini na kuanza upya. Mzee tuliyekwenda naye aliangalia sehemu hiyo dakika chache, akasema, "Hii ni kazi ya ofisi ya uhamiaji."

Hapo tukagundua jambo ambalo si la mchezo bali ni la kwetu. Mashine hii huhifadhi safari ya mchezaji kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Bila kadi, ukizima mashine kila kitu kimepotea. Kibanda hakikuwa na kadi. Kijana analipa franka zake kwa nusu saa, anapambana na joka la melini, anakaribia kulimaliza, betri inakwisha au muda wake unakwisha, na kesho anaanza tena melini. Walikuwepo vijana ambao kwa mwaka mzima hawakuwahi kuona kitu kingine katika mchezo huo isipokuwa meli na dhoruba. Sasa wapendwa, fikirini: mtoto ambaye familia yake imejenga nyumba ikachomwa, ikajenga tena ikakimbia, ambaye alianza darasa la nne mara tatu katika shule tatu. Analipa fedha ili aanzishwe upya mara nyingine. Sisi tusingestaajabu kama maneti mengi zaidi yangepasuka.

Vijana walichanga, wakanunua kadi iliyotumika sokoni Baraka. Hapo ndipo kijana wetu alipoweza kusonga mbele wiki kwa wiki mpaka akamfikia Ares mwenyewe.

Kuna jambo lingine la kusikitisha kidogo. Mchezaji akifa mara nyingi mahali pamoja, mchezo wenyewe humwuliza kwa maandishi: unataka mapigano yawe rahisi zaidi? Maandishi hayo kwenye kibanda yalikuwa ya Kiingereza. Vijana wetu wanasoma Kifaransa kidogo na Kiswahili vizuri. Waliona maneno yanatokea, wakadhani wanatukanwa, wakabonyeza haraka yaondoke. Miezi mingi msaada ulikuwa unatolewa na hakuna aliyeufahamu. Tulipowasomea, walicheka sana, kisha kwa aibu ya ujana wakakataa kuukubali mbele ya wenzao.

Sasa tufike kwa Ares, maana hapo ndipo maneti ilipopasuka.

Pigano lile lina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya kawaida: Ares ni mkubwa kama mlima, Kratos amekuzwa afanane naye, wanapigana. Kijana aliipita baada ya siku moja. Ya tatu ni ya panga moja, baada ya Ares kumnyang'anya Kratos mapanga yake na nguvu zake zote. Ni ngumu, lakini inaeleweka. Iliyomshinda ni ya pili.

Katika sehemu ya pili Ares anamrudisha Kratos mbele ya mke na binti yake, wakiwa hai. Kisha wanatokea maadui kutoka kila upande, nao wote ni Kratos. Uso wake, mapanga yake. Wanakuja kwa makundi kuwaua mama na mtoto, na mchezaji lazima awalinde. Nguvu za uhai za familia zinaonekana kwenye kioo, zikiisha umeshindwa hata kama wewe mwenyewe huna jeraha. Kijana alifanya kama mchezo ulivyomfundisha tangu melini: aliwakimbilia maadui, akawapiga kwa ustadi ambao kwa kweli ulitushangaza. Anaua wanane, anageuka, familia imekufa. Anaanza tena. Anaua kumi na wawili, familia imekufa. Siku nne.

Tuliomba atuonyeshe. Tulipokuwa tukiangalia, mzee aliona kitu. "Huyu mtu akisimama karibu na mke wake, anaweza kumfanya nini?" Kijana hakujua. Tukamwambia asogee, abonyeze kitufe cha duara. Kratos akainama, akawakumbatia wote wawili, na nguvu zake zikaanza kupungua huku za familia zikipanda. Hivyo ndivyo sehemu ile inavyopitwa. Unapigana kidogo, unarudi, unawakumbatia, unawapa uhai wako mwenyewe, unapigana tena ukiwa umepungua. Waliotengeneza mchezo walikupa saa nyingi za kushambulia, halafu mahali pagumu kuliko pote wakaweka mlango ambao haufunguki kwa kushambulia peke yake.

Kijana aliachia vitufe haraka. "Pasta, nguvu zangu zinaisha!" Tukamwambia ndiyo, zinaisha. Akatuangalia kama watu wasiojua kucheza.

Ilimchukua siku mbili zaidi kukubali. Tunasema kwa haki: hata ukijua, ni vigumu bado, kwa maana lazima uchague ni dakika gani ya kuacha kupiga huku maadui wamekuzunguka. Aliposhinda, kibanda kizima kilipiga yowe. Kisha, mbele ya macho yao, Ares akawaua tena wale wawili aliokuwa amewalinda kwa taabu yote ile. Hilo halizuiliki, ndivyo hadithi ilivyoandikwa. Yowe likakatika. Kijana mmoja Mrundi alitoka nje.

Hatukujua wakati huo kwamba kati ya waliokuwa wamesimama nyuma, mlangoni, alikuwapo kaka mkubwa wa kijana wetu. Tunaandika habari zake kwa ruhusa yake, bila jina na bila kutaja kundi alilokuwamo. Alikaa msituni miaka kadhaa na watu wenye silaha. Alirudi, akakabidhi bunduki, akatubu mbele ya kanisa, akabatizwa ziwani. Ana mke na mtoto wa miaka miwili. Alikuja kwetu usiku wa siku ile. Hakuzungumza juu ya mchezo kwanza. Alizungumza juu ya bei ya ndakala, juu ya nyavu, juu ya mvua. Kisha akasema, "Pasta, yule mtu mweupe, mwisho wake miungu walimsamehe?"

Tulikuwa tumeuliza vijana, kwa hiyo tulijua. Kratos anamwua Ares. Anamwomba Athena aondoe ndoto. Athena anamjibu kwamba dhambi zake zimesamehewa kama walivyoahidi, lakini hawakuahidi kamwe kufuta kumbukumbu. Kratos anakata tamaa, anapanda kwenye jabali ili ajitupe baharini afe. Miungu wanamrudisha, wanamketisha kwenye kiti cha Ares. Anakuwa mungu wa vita mpya, na kazi ya kuua inaendelea chini ya meneja mwingine.

Tulimweleza hivyo. Akanyamaza. Kisha akatuambia lililomleta: anaota kila usiku. Anaogopa kumshika mtoto wake usingizini, anaogopa mikono yake. Alikuwa amewaeleza watumishi fulani wa Mungu jambo hili, wakamjibu kwamba kama angekuwa ametubu kweli, ndoto zingekwisha. Kwamba amebakiza dhambi moja hajaisema. Akafunga siku tatu akitafuta dhambi hiyo. Akafunga saba.

Wapendwa wachungaji wenzetu, hapa tunaomba tuseme wazi. Na sisi tuliwahi kuwajibu watu hivyo, miaka ya nyuma. Tulikosea. Msamaha wa Mungu ni kamili siku ile ile unapotolewa, hatupunguzi hata kidogo. Lakini mwili uliozoea kulala na bunduki hausomi cheti cha ubatizo. Mfalme Daudi alisamehewa, na bado kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasema hakuruhusiwa kujenga hekalu kwa sababu ya damu aliyomwaga, bali alikusanya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya mwanawe. Paulo aliendelea kuitaja katika nyaraka zake siku alipokuwa akilitesa kanisa, tena muda mrefu baada ya Dameski. Hakuna aliyemwambia kwamba kukumbuka kwake ni dalili ya toba pungufu. Na tukumbuke kwamba siku zile za kwanza Dameski, Anania alitumwa aende amwekee mikono mtu aliyekuja kuwafunga, amwite ndugu. Athena hakufanya hivyo. Alitoa msamaha kutoka mbali, akampa Kratos cheo, hakukaa naye hata usiku mmoja.

Kwa hiyo hatukumpa yule kaka mfungo mwingine. Tulimwuliza kama angekubali tuje nyumbani kwake jioni, tukae tu, na kama angekubali pia kuonana na mshauri wa afya ya akili kituoni. La kwanza alikubali. La pili alisema atafikiri, na baada ya wiki tatu alikwenda. Ndoto hazijakwisha. Zimepungua, anasema, usiku mwingine.

Sasa turudi kwenye kibanda, maana wazazi watauliza: je, mchungaji anausifu mchezo huu? Hapana. Una damu nyingi mno na wanawake walio uchi, na katika toleo la Marekani pana mahali ambapo mchezaji hawezi kuendelea bila kumsukuma askari aliye hai, aliyefungwa ndani ya kizimba, mpaka motoni, huku akiomba aachwe. Mahali hapo sisi tuliinuka tukatoka nje. Wenyewe walioutengeneza waliuuza kwa watu wazima: huko Ulaya kasha lake lina alama ya miaka 18. Kwenye kibanda chetu hapakuwa na kasha, palikuwa na diski tu, na watoto wa miaka tisa wamekaa mbele. Ambaye ameona nyumba ikichomwa kweli hahitaji kuona nyingine kwenye televisheni ili apitishe wakati.

Lakini pia hatukuomba kibanda kifungwe, ingawa wazee wawili walitaka hivyo. Kikifungwa hiki kitafunguliwa kingine mbali zaidi, pasipo mtu mzima anayepita. Tulizungumza na mwenye kibanda, ambaye ni baba wa watoto wanne na anasali kanisa jingine. Alisema kama tunataka aondoe mchezo huo kabisa, basi tumlipe wateja wake. Tukazungumza tena, safari hii na soda. Sasa mchezo wa Mungu wa Vita hauwekwi kabla ya saa kumi na moja jioni, na watoto wadogo hawaingii saa hiyo. Mara nyingine sheria hiyo inavunjwa. Tukipita tunaona, naye akituona anawatoa.

Kwa wazazi, tunachoomba ni kitu kidogo. Kijana akirudi na hasira, kabla ya kuita waombaji, mwulizeni alikufia wapi. Atawaambia, tena kwa urefu, kwa maana hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza. Mtajua kama ni betri, au ni minara ya visu, au ni jambo jingine ambalo mchezo umeligusa bila kukusudia.

Deni la maneti limelipwa. Nusu alilipa mama kwa franka, nusu alilipa kaka yake kwa ndakala wakavu, ndoo moja, na mwenye kibanda akasema ndakala ndizo zilizomfaa zaidi.